Pikapu inazima ikipata moto, ikipoa inawaka: kabla hujanunua kabureta

"Fundi, habari za kazi. Niko na Hilux ya zamani ya petroli, injini 22R ya kabureta, tunabebea viazi na vitunguu toka Kapchorwa kushuka Mbale. Asubuhi inawaka mara moja. Ikishatembea kama dakika 40, hasa nikiwa narudi napanda mlima baada ya Muyembe, inazima tu pap, haikohoi, kama mtu amezima funguo. Nikipiga stata inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikikaa nusu saa inawaka kama hakuna kitu, halafu mbele inarudia, na siku hizi muda unazidi kupungua. Fundi wa kwanza alisema ni pampu ya mafuta, tukaweka mpya. Wa pili akaweka plagi na filta. Wa tatu anasema kabureta, anataka laki nne. Yeye alitoa plagi akanionyesha cheche iko, kwa hivyo umeme hauna shida. Koili ilibadilishwa mwaka jana, waliweka ya gari ingine lakini inafanana. Nimechoka, nifanye nini?"

Pole sana ndugu yangu, na kwanza kabisa hiyo laki nne iache mfukoni. Sisemi kabureta yako ni nzima, mimi siioni kutoka hapa, ila kwa vile ulivyoeleza mwenyewe, kabureta iko mwisho mwisho kati ya vitu ninavyoshuku. Umenunua pampu, plagi na filta na gari bado inakulaza njiani, yaani mafundi wamebahatisha na wewe ndiye umelipa. Hakuna hata mmoja wao aliyeipima gari pale pale ilipozimia, ikiwa bado ina moto. Wote wameipima ikiwa imepoa, na ikipoa haina ugonjwa!

Tuanze na namna inavyozima, maana hapo ndipo umenipa habari kubwa kuliko zote. Gari ikikosa mafuta huwa haizimi pap. Ndani ya kabureta kuna bakuli la petroli ambalo linabaki na kitu hata pampu ikiacha kusukuma, kwa hivyo injini inaanza kulegea, unakanyaga haivuti, inakohoa, inastukastuka, ukiachia mguu inapata nguvu kidogo, ndio baadaye inazima. Cheche zikikatika hakuna hayo maonyo. Wewe umesema kama mtu amezima funguo, na hivyo ndivyo inavyokuwa cheche za silinda zote nne zikipotea kwa mpigo mmoja. Sasa fikiria, plagi nne haziwezi kufa sekunde moja, wala waya zake nne. Lazima ni kitu ambacho silinda zote zinakitegemea pamoja: koili inayotengeneza umeme wa cheche, ignaita (kifaa cha umeme kinachowasha na kukata umeme wa koili), ile koili ndogo ya ndani ya distribyuta (kile kinachogawa cheche kwa plagi) ambayo mafundi wanaiita pikapu, rota inayozunguka humo ndani, au umeme unaotoka kwenye swichi ya funguo kuja kulisha hivyo vyote.

Na ile cheche uliyoonyeshwa, usiichukue kama ushahidi. Kwanza gari ilikuwa imepoa, si ndio? Pili, plagi ikiwa nje kwenye hewa ya kawaida, hata koili mgonjwa inaweza kuruka ule mwanya mdogo wa milimita 0.8. Ndani ya silinda hewa na petroli vimebanwa, na hewa iliyobanwa inakataa umeme kupita, kwa hivyo koili inatakiwa kusukuma volti nyingi zaidi sana, na ukiwa unapanda na mzigo umekanyaga mpaka chini ndio silinda zinajaa na hitaji linapanda tena. Ndio maana gari inaweza kuunguruma vizuri gereji halafu ikakuaibisha kwenye mlima. Cheche ya kuamini ni ya buluu, inalia tak tak, na inaweza kuruka mwanya wa kama milimita 6. Ile ya rangi ya chungwa, nyembamba, inayoruka mara moja moja, hiyo mimi nahesabu hakuna cheche.

Ngoja nikueleze koili inafanya nini ndio uelewe kwa nini moto unaiua. Ndani yake kuna waya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Ya kwanza ni nene, mizunguko michache, umeme wa betri volti 12 unapita humo na kutengeneza sumaku. Halafu ignaita inakata ule umeme ghafla, sumaku inaanguka, na kule kuanguka kunazalisha volti zaidi ya 20,000 kwenye waya ya pili, ambayo ni nyembamba kama unywele na ina maelfu ya mizunguko. Hizo volti ndizo zinapita kwenye rota kwenda kwa silinda yenye zamu, na zamu za 22R ni 1-3-4-2. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, koili inarudia hiyo kazi mara 100 kila sekunde, bila kupumzika, toka Mbale mpaka nyumbani.

Sasa shaba ikipata joto inazidi kuzuia umeme, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto, hiyo ni kawaida na waliotengeneza gari waliihesabu. Shida ni pale waya ya ndani imekatika sehemu ndogo sana au plastiki inayoitenganisha imepata ufa. Ikiwa baridi, ncha mbili zinagusana na kazi inaendelea, ikipata joto vitu vinatanuka, ncha zinaachana, cheche kwisha. Unakaa nusu saa, inapoa, zinagusana tena, unawasha unadhani mlima ndio ulikuwa na pepo. Na vile umesema siku hizi muda unazidi kupungua, hiyo inaendana kabisa na ufa unaokua. Tundu la kabureta lililoziba halina tabia hiyo.

Kuna neno dogo umelitupa pale mwishoni ambalo mimi ningeanza nalo: koili ya gari ingine, lakini inafanana. Zinafanana zote! Kopo jeusi au la rangi ya chuma, nguzo mbili na tundu katikati. Kilicho tofauti huwezi kuona kwa macho. Magari ya kontakti za zamani (vile vyuma viwili vya kugusana na kuachana ndani ya distribyuta, kabla ya ignaita) kwa kawaida yana koili ya karibu ohm 3 kama hayana rezista ya nje, na karibu ohm 1.5 kama rezista iko. Magari ya ignaita mara nyingi yanatumia koili ya ohm ndogo zaidi, kwa sababu ignaita ndiyo inasimamia umeme. Ukiweka ya ohm nyingi kwenye mfumo wa ignaita, cheche inakuwa dhaifu, gari inatembea lakini kwa shida kwenye mzigo. Ukiweka ya ohm kidogo mahali pasipoiweza, umeme mwingi unapita, koili inachemka mpaka huwezi kuishika, na inaichoma ignaita polepole pamoja na yenyewe. Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa, kabla hata ya safari, chukua ile testa ya dijitali (hata ya bei ndogo inatosha, ila gusanisha ncha zake kwanza uone inasoma ngapi halafu uipunguze hiyo kwenye kipimo chako), chomoa waya za koili, pima kati ya nguzo ya chanya na ya hasi, andika. Pima kati ya chanya na lile tundu la katikati, hapo tegemea maelfu ya ohm, kama 10,000 hivi, sio sifuri wala sio kukatika kabisa. Utapima tena ikiwa na moto na kulinganisha.

Distribyuta nayo usiisahau. Ile pikapu ya ndani kwenye Toyota za ignaita za wakati huo inatakiwa kusoma kati ya ohm 140 na 180 ikiwa baridi, na mwanya wake na lile gurudumu la meno ni milimita 0.2 mpaka 0.4. Waya zake mbili zinakaa juu ya sahani inayozunguka kidogo kila ukikanyaga na kuachia mafuta, kwa sababu vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, inaivuta. Miaka 30 na zaidi ya kukunjwa hivyo, shaba inakatika ndani huku plastiki ya nje inaonekana nzima kabisa. Jaribu hivi: chomoa soketi yake, unganisha testa, halafu chomoa ule mpira wa vakyumu kwenye distribyuta na uuvute kwa mdomo, uvute tu na uachie, huku mwenzako anaangalia namba. Ikiruka, ikipotea hata sekunde moja, umemkamata. Nimeshaona gari imebadilishiwa karibu kila kitu na shida ilikuwa nywele mbili za shaba ndani ya huo waya.

Ignaita ni ngumu kidogo kwa sababu huwezi kuihukumu kwa kupima ohm. Angalia imekaa vipi: bolti zake zimekaza, chini yake hakuna kutu wala rangi, maana kwa kawaida inapata hasi kupitia mwili wake na inatoa joto lake kwenye chuma ilipofungwa. Ikining'inia kwa waya ya kufungia mizigo, na nimeona hivyo, lazima ichemke. Tukiwa hapo hapo, tazama waya wa hasi unaotoka injini kwenda bodi. Ukipiga stata halafu ukagusa kebo ya choki au ya mafuta ukakuta ina moto, jua ule waya umekatika na umeme wa stata unarudi kwa njia za wizi.

Haya, sasa siku ikizima. Una kama dakika 10 za ushahidi kabla haijapoa, kwa hivyo vitu viwe tayari ndani ya gari: testa, plagi moja ya ziada, kitambaa, chupa ya maji, na mtu wa kukaa kwenye stata. Egesha, weka mawe kwenye magurudumu. Kabla hujafungua boneti nenda kwenye tenki ufungue kifuniko. Kikivuta hewa kwa nguvu, fuuu, tundu la kupumulia limeziba, na hiyo inaweza kukuletea kitu kinachofanana na chako: tenki linajinyonga, mafuta yanaacha kuja, ukipumzika hewa inajipenyeza na gari inawaka. Ni kama jerikani ya lita 20 unayoimwaga bila kuacha nafasi ya hewa. Kipimo hiki ni cha bure kwa hivyo kifanye kwanza.

Halafu kabureta. Ya 22R mara nyingi ina kioo kidogo pembeni, petroli inatakiwa ionekane kama katikati yake. Toa kifuniko cha chujio la hewa, injini ikiwa imezimwa na hakuna anayevuta sigara, vuta kebo ya pedali ya mafuta kwa mkono na uchungulie kwa mbali kidogo: kama petroli inaruka kwa mkojo mzuri ndani ya koo, kabureta ina mafuta, na maneno ya laki nne yameishia hapo. Kama ni kavu, basi nitakuomba radhi na tutarudi upande wa mafuta.

Kama mafuta yako, chomoa ule waya mnene wa katikati ya distribyuta unaotoka kwenye koili, uchomeke kwenye plagi yako ya ziada, mwili wa plagi uufunge kabisa kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta na mbali na pale ulipoona petroli, na kile kifuniko cha chujio la hewa kirudishe kwanza. Mwenzako apige stata. Usiushike kwa mkono, na usiache ule waya ukiwa hewani bila kugusa popote, cheche ikikosa njia inatafuta njia ndani ya koili au ignaita na unajitengenezea ugonjwa mpya. Cheche nzuri ya buluu ikiwepo hapo na bado gari haishiki, angalia rota na kifuniko cha distribyuta, tafuta mstari mweusi wa kuungua. Cheche isipokuwepo au ikiwa ile ya chungwa, washa funguo bila kupiga stata na upime volti kwenye nguzo ya chanya ya koili. Betri ina 12 na zaidi lakini koili inapata 0, au 7, 8 na gari haina rezista, basi shuku kwanza njaa inayotoka nyuma ya koili, kwenye swichi, fyuzi au soketi; kama rezista iko, 7, 8 inaweza kuwa kawaida, ila 0 inaweza kuwa rezista yenyewe imekatika. Tikisa funguo ukiwa unapima. Wale wenye furushi la funguo za duka, nyumba na kufuli zote za ukoo zinaning'inia kwenye swichi, hii ni yenu. Usiache funguo imewashwa muda mrefu bila injini kuzunguka, inachemsha koili bure.

Volti ziko sawa na cheche hakuna? Lowesha kitambaa, kamua, kizungushie koili peke yake kama dakika mbili tatu, jaribu. Ikiwaka umepata jibu karibu kamili. Isipowaka, hamia kwa ignaita, mwili wake tu. Nasema kitambaa na sio ndoo, maana kuna watu wanamwaga maji ya baridi kwenye injini yenye moto, chuma kinapasuka, na distribyuta ikilowa hutajua tena unatafuta nini.

Kwa haki yake, nitaje na upande wa mafuta ambao bado unaweza kunishinda. Pampu za 22R nyingi zina mirija mitatu, wa kuingiza, wa kutoa, na wa kurudisha mafuta kwenye tenki. Hebu angalia hiyo mpya uliyowekewa kama huo wa tatu umeunganishwa au fundi aliuziba kwa bolti. Ukizibwa, petroli inakaa pale kwenye joto la injini bila kuzunguka, inageuka mvuke, na ukizidi kupanda kwenda Sipi hewa inakuwa nyepesi na petroli inachemka kwa urahisi zaidi. Ila ulisema shida ilikuwepo kabla ya pampu, kwa hivyo silipi uzito sana. Maji kwenye petroli ya jerikani yanafanya gari kustuka asubuhi na jioni bila kuchagua joto. Na kama ingekuwa inazima tu ukiachia mguu, ningekuambia usikilize ile soleni (vali ndogo ya umeme) ya kabureta kama inalia tik ukiwasha funguo, lakini yako inazima ikiwa imekanyagwa.

Jambo lingine ambalo hukuuliza na mimi linanisumbua kuliko koili: siku moja itazima ukiwa unashuka na mzigo. Injini ikizima, ule msaada wa breki unabaki na hewa ya kukanyaga mara chache tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usipampu breki. Acha gari kwenye gia, kanyaga mara moja kwa nguvu na ushikilie, vuta hanbreki polepole, na usichomoe funguo kabisa kabisa kabla gari haijasimama kwa sababu usukani utajifunga. Ukisimama weka triangle, na kama huna, yale matawi ya miti tunayoweka barabarani yaweke mbali kabisa na gari, sio hatua tatu nyuma yake, na ukiondoka uyaondoe. Mpaka hii kitu ipone, punguza magunia na usishuke usiku.

Ukikuta ni koili au ignaita, nenda dukani na ile ya zamani na testa yako, Mbale pale au mtu akununulie Kisekka, kwenye vipuri vya magari Kampala. Kama ya zamani ndiyo ile ya gari ingine, usiifananishe nayo, taja injini ni 22R na aina ya ignaita, pima ohm kabla ya kulipa. Kati ya koili iliyotumika ya orijino na mpya ya boksi zuri isiyojulikana, mimi nachukua iliyotumika, mradi muuzaji akubali nirudishe ikishindwa kwenye moto. Pikapu ya distribyuta peke yake ni ngumu kupata, mara nyingi utauziwa distribyuta nzima, hiyo ni sawa, ila tikisa shafti yake kwanza, ikicheza kulia na kushoto usiichukue. Kuna fundi atakuambia mtoe ignaita mrudi kwenye kontakti. Inawezekana, magari mengi kijijini yanatembea hivyo na kila mtu anaweza kuzisugua, ila utakuwa mtumwa wa kurekebisha mwanya na kondensa, na lazima koili ibadilishwe iendane. Mimi singefanya kama ignaita inapatikana.

Kubadilisha distribyuta usijifanyie nyumbani kama huna taa ya taimingi, ipeleke kwa fundi wa umeme wa magari, sio wa injini. Mpelekee pia haraka kama ukiona waya imeyeyuka, fyuzi inaungua tena na tena, au petroli inavuja popote karibu na distribyuta, na hapo usiiwashe kabisa, ivutwe. Na kama ikiwa imezima utakuta cheche nzuri ipo, mafuta yapo, na bado haishiki, basi tumetoka kwenye umeme: apime kompresheni ikiwa na moto, aangalie valvu, ambazo kwa 22R zinapimwa injini ikiwa na joto, milimita 0.20 za kuingiza na 0.30 za kutolea. Ukifika kwake usimwambie "badilisha koili". Mpe namba zako, ohm ikiwa baridi, ohm ikiwa na moto, volti ngapi zilifika kwenye koili gari ikiwa imezima, na kitambaa ulikiweka wapi ikawaka. Akikataa kuzisikiliza, tafuta mwingine.